Pigo la Mwisho Kwenye Sakafu ya Mahindi

Mzee Kiarie alipojenga ile sakafu ya saruji nyuma ya zizi lake kule Kapseret, aliijenga ya kuanikia mahindi. Hakuijenga ya wasichana wa viatu vya magurudumu, na hilo alilisema mara nyingi, hata kwa watu ambao hawakuuliza. Lakini Kocha Hulda alikuwa amezunguka Eldoret nzima akitafuta mahali palipo sawa, pasipo kokoto wala magari, asipate. Mwenye sakafu alikuwa na mjukuu, mjukuu alikuwa mchezaji, na mzee hakujua kumnyima mjukuu huyo kitu. Msichana alipewa jina la nyanyake, mkewe mzee, Waiyego, kwa hiyo mzee alimwita bibi yangu, na bibi ukimkatalia mchana utakutana naye jioni.

Hulda alikuwa muuguzi Kanada kwa miaka, na huko ndiko alikoambukizwa hoki ya barafu. Aliporudi nyumbani hakuweza kuja na barafu, akaja na mchezo wenyewe, akaufundisha juu ya magurudumu, kwa magongo na kisahani bapa kinachopigwa badala ya mpira. Viatu walivipata mitumbani, helmeti zilikuwa za boda boda, neti ya goli ilishonwa kwa neti za kabeji, na golikipa alijifunga vipande vya godoro miguuni. Kabla ya kila zoezi walifungulia kuku wa mzee waingie sakafuni. Punje moja ya mahindi chini ya gurudumu humwangusha mtu kifudifudi, na hakuna ufagio unaomshinda kuku kwa macho. Barafu yenyewe walikuwa wameikanyaga Nairobi mara chache, wakarudi wakiisimulia kama watu waliofika mbinguni wakarudishwa.

Watu walicheka, na wacha wacheke. Video za wasichana hao zilisafiri mpaka zikamfikia kocha wa timu ya wanawake ya chuo kimoja huko Kanada, mama mrefu mkimya aitwaye Doreen, naye akapanda ndege akaja kuona kwa macho yake. Alisema miguu iliyozoea magurudumu huzoea barafu kwa muhula mmoja, hilo halimtii wasiwasi. Wasiwasi wake ulikuwa mwingine. Nafasi iliyobaki katika timu ilikuwa moja, na wasichana walioifaa walikuwa wawili.

Wa kwanza alikuwa Waiyego, mfungaji. Wa pili alikuwa Bridgit, golikipa, binti wa fundi wa mitambo aliyetoka upande wa ziwa akapanga nyumba mjini. Wote wawili walikuwa wamemaliza kidato cha nne, na wote wawili hawakuwa na mpango mwingine wowote duniani. Doreen aliwatazama siku ya kwanza, akawatazama ya pili, akashindwa kuchagua. Kosa moja tu alilitaja, tena la Waiyego.

"Unatazama chini," alimwambia. "Ukishika kisahani, macho yako yanaenda kwenye magongo na miguu. Kwenye barafu anayetazama chini hugongwa na mtu asiyemwona."

Hulda aliguna, maana wimbo huo alikuwa ameuimba mpaka koo likakauka. Lakini hiyo ndiyo sakafu iliyowalea. Mtoto aliyejifunza kukimbia pale alijifunza kuogopa punje, na mtu anayeogopa punje huinamisha kichwa. Bridgit peke yake ndiye aliyeponyoka, kwa sababu golikipa hasogei mbali, na kazi yake ni kutazama kila kitu kinachokuja.

Asubuhi ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Doreen alikuwa aondoke na ndege ya adhuhuri, na kutoka kwa Mzee Kiarie uwanja wa ndege unauona ukisimama juu ya ndoo. Asubuhi hiyohiyo jua likatoka, baada ya juma zima la mvua iliyokuja msimu wa mavuno bila haya. Mahindi ya mzee yalikuwa yamelala stoo yakiwa na maji, na ukiingiza mkono ndani ya gunia uliusikia ukipata joto. Mahindi ya namna hiyo yakikosa jua hufanya ukungu, na ya ukungu hata ng'ombe hapewi. Hayo yalikuwa chakula cha nyumba na karo ya wadogo zake Waiyego.

"Nusu yangu, nusu yenu," mzee akakata shauri, akamwaga mahindi upande wa juu wa sakafu, akalaza mbao katikati kwa urefu kuwa mpaka.

Basi wakacheza kwenye nusu. Doreen alisema Waiyego atamshambulia Bridgit peke yake, mara kadhaa, mbio kamili kutoka mwisho wa sakafu. Waiyego alifunga, kisha akazuiwa. Akafunga tena, akazuiwa tena. Kila mmoja alikuwa akimjua mwenzake kama mtu anavyojua sufuria zake. Doreen alitazama saa, akatazama juu. Upande wa Timboroa wingu lilikuwa limeinuka, jeusi, na upepo umeanza kupindua majani ya migomba.

"Moja la mwisho," akasema. "Hilo litanisaidia kuamua."

Kuamua maisha ya watu kwa pigo moja si busara, lakini hata waliosoma sana hufikia mahali wakachoka kufikiri.

"Leo nakufungia duka," Bridgit akaita kutoka golini.

"Fungia jikoni kwenu," Waiyego akajibu.

Akasimama mwisho wa sakafu na gongo mkononi. Alijua Bridgit huangusha goti la kushoto kwanza, kwa hiyo angevuta kisahani kushoto, amdanganye, kisha akiinue juu ya bega la kulia. Alikuwa amelifanya pigo hilo ndotoni. Hulda akapiga filimbi, Waiyego akaondoka.

Tone la kwanza lilimpata mkononi alipokuwa hajafika hata nusu. Kisha akasikia kelele. Tuseme ukweli: alisikia. Helmeti ya boda boda huziba masikio, lakini haizibi sauti ya babu yako akiita watu kwenye mahindi. Waiyego alijua ni nini. Watu wa pale mvua ikikuta mahindi nje hawaulizi ni ya nani. Jirani mliyekosana huja na koleo, mpita njia hushuka baiskeli, mgeni hushika turubai, na mkishamaliza mnaweza kuendelea na ugomvi wenu. Alijua, akajiambia, pigo moja tu, kisha nitakimbia. Akainamisha kichwa, akavuta kisahani kushoto, akakiinua juu kulia kwa nguvu zake zote.

Kiligonga ubao uliokuwa nyuma ya neti kwa kishindo. Waiyego akainua mikono, ndipo akainua macho.

Goli lilikuwa tupu. Kisahani kilikuwa kimetulia ndani ya neti za kabeji, na mbele yake hapakuwa na mtu. Bridgit alikuwa upande wa pili wa mbao, magodoro yake miguuni, gunia begani, akiyumba juu ya magurudumu kuelekea stoo. Hulda alikuwa akikokota mahindi kwa koleo. Hata Doreen alikuwa ameshika pembe ya turubai, akivutana na upepo, mgongo ukiwa umegeuka. Katika watu wote waliokuwa pale, asiyekuwa kwenye mahindi ya Mzee Kiarie ni mjukuu wake.

Alitupa gongo akaenda. Walikusanya, wakafunika, wakabeba, mvua ikiwapiga mgongoni, mpaka wote wakajikuta chini ya paa la stoo wakihema. Sakafu ilikuwa imekuwa ziwa. Hakuna gurudumu ambalo lingeshika pale siku hiyo, na gari la kumpeleka Doreen lilikuwa limeshafika langoni.

"Nilisikia ubao ukigonga," Doreen alisema akijifuta uso. "Nikageuka, nikaona kisahani kwenye neti. Kiliingia?"

"Kiliingia," Waiyego akasema.

Doreen akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu aje. Akanyoosha mkono. Waiyego akautazama mkono ule, ukiwa na punje moja imeganda kwenye kidole gumba. Hulda hakuwa ameona, hilo lilikuwa wazi usoni mwake, maana alikuwa akichekelea. Mzee hakuwa ameona. Aliyejua alikuwa mmoja, naye alikuwa ameinama akichokoa mahindi kutoka kwenye magodoro yake, polepole. Waiyego akashika mkono wa Doreen. Hakuna swali lingine lililoulizwa, na hilo ndilo lililomshinda.

"Kiliingia, lakini hakukuwa na golikipa," akasema. "Alikuwa amebeba mahindi yetu. Mimi sikumwona akiondoka."

Hulda akaacha kucheka. Doreen hakuondoa mkono wake mara moja. Aliitazama mvua, kisha akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioumiza.

"Asante kwa kuniambia. Ningekuchukua bila kujua." Akamgeukia Bridgit. "Golikipa wangu aliiona mvua kabla yetu sote. Wewe hukuona goli lililo tupu."

Akamshika Bridgit mkono, akaongea na Hulda kando kuhusu pasi na viza, akakimbilia garini akiwa ameweka koti kichwani. Mzee Kiarie, ambaye Kiingereza cha haraka humpita, alichota mahindi kiganjani, akayanusa, akafurahi.

"Bibi yangu, mengi yamepona," akasema.

"Ndiyo, Guka," Waiyego akamjibu babu yake, akajisogeza nyuma ya magunia ili afungue viatu vyake. Kamba zilikuwa zimelowa, zikakataa. Bridgit akaja akaketi mbele yake, akauvuta mguu mmoja mapajani pake, akaanza kuhangaika na fundo.

"Mbona ulisema?" akamwuliza kwa sauti ya chini. "Mi singesema kitu."

"Nilitaka kunyamaza."

"Nilikuona ukitaka," Bridgit akasema.

Fundo likafunguka. Waiyego alilia pale pale mbele yake, bila kujificha wala kujifuta, na Bridgit akaendelea na kiatu cha pili. Hakumwambia pole, maana furaha ilikuwa imemjaa, na angekuwa anadanganya.