Safu ya Akina Skelrigg

Siku Merle Skelrigg alipofika na baba yake ndani ya kopo la biskuti, Ambrose Skelrigg alikuwa amembana kondoo jike kati ya magoti, anamkagua kwato, na hakuwa na haja ya mgeni. Tuseme ukweli, hakuwa na haja ya mgeni siku yoyote ile. Alikuwa na miaka sabini na tisa, na katika miaka hiyo yote alikuwa amelala nje ya bonde lile siku kumi na moja tu, tena alizitaja kama mtu anayetaja siku alizolazwa hospitali.

Shamba, lililo milimani kaskazini mwa Uingereza, linaitwa Skelrigg. Ni jina la mgongo wa kilima ulio nyuma ya nyumba, na ni jina la ukoo. Kila Skelrigg aliyepo duniani, awe dereva wa lori Kanada au daktari wa meno New Zealand, jina lake lilianzia kwenye zizi lile la mawe lenye matope ya kufika vifundoni. Ambrose alilijua hilo, na wala halikumfundisha unyenyekevu.

"Unamtafuta nani, mama?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Namtafuta Bwana Skelrigg. Na mimi ni Skelrigg. Nimetoka Tasmania, kule Australia."

"Ala!" Sauti ilitoka ukutani, alikokuwa ameegemea Enoch Raistrick, jirani wa Ambrose, kaka wa marehemu mkewe, na ndiye mchimba makaburi wa kanisa. "Shemeji, si ndio wale mnaotaka kuwafukuza?"

"Nyamaza, mgeni," Ambrose akamjibu.

Mgeni! Ndivyo alivyomwita kwa miaka sitini. Babu yake Enoch alivuka mlima kutoka bonde la pili mwaka 1881, na kwa hesabu za Ambrose hiyo ilikuwa juzi. Enoch alishazoea. Alichobaki nacho ni kumvizia shemeji yake kila alipoteleza, na Ambrose hakuwa mtu wa kuteleza mara nyingi.

Habari ya kufukuzwa ilikuwa hivi. Ukoo una chama, na chama kina katibu, Bi Philippa, mfamasia mstaafu wa mjini Leeds, mama mwenye mafaili mengi kuliko mahakama. Yeye ndiye aliyechora ramani ya dunia na kuchomeka pini moja kwa kila Skelrigg aliye hai. Tasmania peke yake pini mia mbili na kumi na nne. Kanada themanini na kitu. Uingereza yote thelathini na moja. Na bonde lenyewe pini moja, nyekundu, kubwa kuliko zote: Ambrose.

Mwaka ule Bi Philippa aliamua kupima vinasaba, ile damu inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana. Wanaume sitini na watatu wa Tasmania na Kanada wakatema mate kwenye vichupa, na wote wakalinganishwa na Ambrose, kwa sababu ndiye aliyebaki nyumbani. Majibu yakatoka: wa Tasmania na wa Kanada wanafanana wao kwa wao, lakini na Ambrose hawafanani hata chembe. Bi Philippa hakutikisika. Akaandika barua sitini na tatu. Alisema yule Job Skelrigg, babu wa wote hao, aliyepelekwa Tasmania kwa meli ya wafungwa mwaka 1829 kwa kuiba kondoo wawili, bila shaka aliiba na jina.

"Kondoo sikatai," alisema Merle sasa, akiweka kopo juu ya ukuta kwa uangalifu. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini hivi, mrefu, amechomwa na jua, na viatu vyake vilionyesha amezoea mazizi. "Aliiba, na babu zetu walitusimulia wakicheka. Ila jina hapana. Huyu hapa ni baba yangu, Clarrie, majivu yake. Amefariki mwezi wa saba, ana miaka tisini na sita. Aliniambia, nirudishe kwenye ile safu ya makaburi kwenye ukuta wa kanisa, kwa mama yake Job. Ni hilo tu. Kasisi anasema safu ni ya ukoo na ukoo ndio utakaoamua mkutanoni Jumamosi. Wewe ukisema ndiyo, watakubali. Wewe ndiye Skelrigg wa Skelrigg."

"Vipimo ndivyo vimesema, mama. Si mimi."

Lilikuwa jibu la mtu mwoga, na Ambrose aliligundua hilo lilipokuwa bado mdomoni.

Merle alikuwa anamtazama yule kondoo. Akainama, akamshika sikio, akalikunjua kwa kidole gumba. "Kumbe bado mnakata hivi hivi," alisema polepole. "Kulia mnaondoa ncha, kushoto mapengo mawili kwa chini. Baba alikata hivi mpaka alipoacha kazi. Serikali ilileta vipande vya plastiki vya kubana masikioni, yeye akavitia kwenye ndoo, akakata alama yake."

Mikono ya Ambrose ikasimama.

Kule mlimani kondoo wa mashamba yote huchanganyika, na kila shamba lina alama yake ya masikio. Baba humfundisha mwana akiwa na kisu mkononi. Mtu hawezi kuiokota bandarini wala gerezani. Kama alama ya Skelrigg ilivuka bahari mwaka 1829, basi ilivuka mikononi mwa mtoto wa nyumba hii. Job alikuwa Skelrigg kweli, na damu ya watu wa Tasmania ndiyo damu ya Skelrigg. Kama haikufanana na ya Ambrose, mwenye kasoro alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amembana kondoo magotini.

Na si kwamba jambo hilo lilikuwa geni kwake. Alilijua tangu ana miaka thelathini. Mzee wa shamba, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, Hannah. Mwaka 1898 Hannah akampenda kibarua, mtu mmoja aliyeitwa Tom Pask, aliyetoka kupakia makaa bandarini. Mzee akamwambia Tom: binti utampata, shamba utalipata, lakini jina lako utaliacha getini. Tom akaliacha. Wakaandikiana, karatasi ikatiwa kwenye Biblia, na waliojua wakafa mmoja mmoja. Tom Pask ndiye babu yake Ambrose.

"Karibu chai," Ambrose alimwambia Merle. Akamkatia keki ya zabibu na kipande cha jibini, wakaongea habari za kwato.

Ijumaa nzima hakufanya kazi ya maana. Aliogopa, na alichokiogopa alikijua. Enoch angemcheka mpaka siku ya kufa, lakini hilo lilivumilika. Jambo lilikuwa Nance. Mkewe alikuwa amelala kwenye safu ile ya ukutani mwaka wa sita sasa, na pembeni yake palibaki nafasi moja, ya mwisho. Kanuni za chama, kifungu cha nne, zilisema safu ni ya wenye damu ya ukoo kwa upande wa baba, na wake zao. Akinyamaza, Merle atarudi Tasmania na kopo lake, na yeye atalala kwa Nance. Akisema, atakuwa Ambrose Pask, na Mungu ndiye ajuaye watamtupa wapi. Mara mbili alifungua Biblia, na mara mbili akaifunga.

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi wa kijiji ulijaa watu kama arobaini. Ramani ilitundikwa ukutani. Bi Philippa alianza na historia, kama kawaida yake.

"Mtu wa kwanza kuandikwa jina letu alikuwa Wiliamu, mwaka 1379," alisema. "Alipokuwa shambani aliitwa Wiliamu tu. Alipohamia mjini ndipo watu wakamwita Wiliamu wa Skelrigg. Wanawe walirudi bondeni, wakarudi na jina."

"Kwa hiyo jina ni la waliotoka," alisema Merle kutoka nyuma.

Bi Philippa akamtazama juu ya miwani. "Tutafika kwenye maswali." Halafu akasoma hoja: watu wa Tasmania na Kanada watolewe kwenye orodha, na ombi la kuzika majivu ya Clarrie likataliwe. "Kwa heshima, tuanze na Mzee Ambrose."

Ambrose alisimama. Alikuwa amevaa koti alilolivaa siku ya kumzika mkewe, na mkononi alikuwa na karatasi ya manjano.

"Babu yangu aliitwa Tom Pask," alisema. "Alikuwa kibarua. Alimwoa binti wa Skelrigg, akachukua jina la mkewe, na hii hapa karatasi. Kwa hiyo mmewapima watu wote hawa kwa Pask. Huyu mama alama yetu ya masikio anaijua kwa kisu. Skelrigg ni yeye. Mzikeni baba yake." Akakaa.

Enoch ndiye aliyeuliza wa kwanza. "Mwaka gani?"

"Mwaka gani nini?"

"Huyo Tom. Aliingia bondeni mwaka gani?"

"Tisini na nane," Ambrose alisema kwa taabu.

"Sisi themanini na moja," alisema Enoch. Alijaribu kujizuia, maskini, aliziba mdomo na kofia, lakini kicheko kilimshinda. Ikabidi aletewe kiti. "Miaka sitini! Miaka sitini ananiita mgeni!"

Bi Philippa hakucheka. Alisoma karatasi mara mbili. "Barua sitini na tatu," alisema. "Nimewaandikia watu sitini na tatu kwamba si watu wetu." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa mwanamke wa kanuni, na sitamdharau kwa hilo. Alilia huku anasema, lakini alisema. "Nitawaandikia tena. Lakini kifungu cha nne ni kile kile. Mzee Ambrose, damu yako ya baba si ya ukoo. Jina lako linatoka kwenye orodha. Na ile nafasi ya ukutani... siwezi kuitetea."

Watu wakaanza kupiga kelele. Mmoja alisema ni upuuzi, mwingine akasema kanuni ni kanuni. Ambrose akainua mkono, wakanyamaza.

"Nilikisoma kabla sijaja," alisema. "Naomba kitu kimoja tu. Nance mwacheni pale pale. Msimhamishe kwa ajili yangu." Akatazama sakafu.

Enoch aliacha kucheka.

Merle alikuja mbele, kopo kwapani. "Huyo Nance alizaliwa nani?"

"Raistrick," alisema Enoch. "Ni dada yangu."

"Na wewe, Bi Philippa? Kabla ya kuolewa?"

"Booth. Marehemu mume wangu ndiye Skelrigg."

"Jana nilishinda makaburini," Merle aliendelea. "Safu ina makaburi thelathini na mawili. Kumi na matano ni ya wanawake walioolewa. Walikuja na majina yao, wakayaacha getini, wakazaa, wakakata masikio ya kondoo kwenye mvua, wakafa. Hakuna aliyewadai mate. Huyo Tom amefanya nini kisichofanywa na wao? Aliolewa. Basi. Mnawazika walioolewa, mzikeni na mjukuu wake."

"Aliolewa!" Enoch alipiga paja. "Shemeji, babu yako aliolewa!"

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Masikio ya Ambrose yalikuwa mekundu mpaka nyuma ya shingo, lakini hakuinuka kuondoka. Bi Philippa alisubiri watulie, akachukua kalamu, akasoma kifungu cha nne kwa sauti, na kabla ya neno "wake" akaongeza "waume na", na mwishoni "na uzao wao". Akauliza nani anapinga. Mkono hata mmoja haukuinuka, na mkono wa Bi Philippa mwenyewe ulibaki mezani.

Clarrie alizikwa siku ile ile saa tisa alasiri, kabla mvua haijashuka mlimani. Enoch alichimba shimo dogo karibu na jiwe la mama yake Job, na kasisi akasoma maneno machache kwa sababu upepo ulikuwa unamfungulia kurasa. Merle aliinamisha kopo mwenyewe. Hakulia mpaka kopo lilipobaki tupu, na hapo Bi Philippa akamshika mkono na kusimama naye.

Ambrose alitaka kufukia. Alimnyang'anya Enoch sepetu, akarudi nyuma hatua moja kupata nafasi ya kuinama, kwenye ile sehemu tupu iliyokuwa yake kwa karibu miaka sita, ikaacha kuwa yake kwa dakika kumi.

"We mgeni," alisema Enoch kwa upole, "usimkanyage dada yangu."

Ambrose akasogeza mguu.