Jukwaa Lililokubali Kusubiri

Getruda, fundi wa kompyuta, alikuwa ameahidi kutoa jibu kabla ya adhana ya adhuhuri, na mpaka asubuhi ile ilipokomaa hakuwa nalo. Hospitali ya misheni iliyo kando ya barabara ya kwenda Kwihara ilikuwa ikihamisha taarifa za wagonjwa kutoka kwenye kompyuta moja kongwe, iliyokoroma kuliko wagonjwa wenyewe, hadi kwenye seva tatu mpya. Hifadhi ilikwisha kusimikwa: kila taarifa ingetawanywa katika seva hizo, wala isingehesabika kuwa imeandikwa mpaka seva mbili kati ya tatu ziwe zimeishika. Kilichobaki, na ndilo jibu lililongojwa kwake, ni kuchagua jukwaa, yaani programu ya kuendesha juu ya hifadhi hiyo kompyuta pepe, zilizo programu tupu bila mwili, za maabara, za duka la dawa na za wodi ya wazazi.

Majukwaa yaliyoshindana yalikuwa mawili, kila moja ndani ya kompyuta yake ya majaribio mezani pa Getruda. La kwanza lilijibu kabla kidole hakijainuka. La pili lilijikokota.

"Binti, mama anavuja damu, nami nataka kujua kundi lake," alisema Dakta Sylvester, mganga mfawidhi. "Hilo lako la pili linatafakari kama baraza la kata. Unaogopa nini?"

Getruda aliogopa kaburi. Kundi la damu likipotea, mtu angewekewa damu isiyo yake, na uteuzi ungekuwa umetoka mkononi mwake.

"Naogopa hili la kwanza, Dakta. Linajibu upesi kuliko hifadhi yenyewe."

"Ama! Mbio nazo zimekuwa kosa? Haya, lijaribu kwa mtu halisi. Mwandike mama yangu: Levina wa Kigwa, kundi O hasi."

Kabla hajaandika herufi, radi ilinguruma upande wa reli. Sasa, hapa Tabora radi ikinguruma watu huchomoa: redio, jokofu, pasi, vyote, wala hakuna anayengoja ngurumo ya pili. Hivyo ndivyo alivyolelewa Sista Apolinaria, mkuu wa wauguzi, na hivyo ndivyo alivyoingia, mikono imetangulia.

"Radi hiyo, wanangu, nanyi mmekaa tu!" Akachomoa waya wa seva ya kwanza.

"Shikamoo Sista, tafadhali usi—"

"Marahaba. Radi haisubiri salamu." Akachomoa wa pili.

Feni zilinyamaza. Getruda alijitupa juu ya waya wa tatu, akaukumbatia kama mama amdakaye mtoto anayekimbilia barabarani.

"Sista, huu tuachie!"

Dakta alicheka mpaka miwani ikateleza. "Vema! Andika sasa, tuone mwanamume ni yupi."

Getruda alimwandika Levina katika majukwaa yote mawili. La kwanza lilijibu papo hapo: *Imehifadhiwa*. La pili liliandika: *Inasubiri hifadhi*, likaganda.

"Umeona? La kwanza halikutetereka. La pili limezirai!"

Lakini nywele za Getruda zilikuwa zimemsimama. Imehifadhiwa wapi? Seva iliyo hai ilikuwa moja tu, na kanuni ilidai mbili. Ama hifadhi imevunja kanuni yake, ama jukwaa limeapa kwa niaba yake bila kuiuliza.

"Dakta, nazizima kompyuta zote mbili."

"Uzime kinachofanya kazi?"

"Umeme ukikatika hautatuomba ruhusa."

Akazizima. Radi ilipohamia mbali, alirudisha nyaya, akaziwasha tena kompyuta, na seva zikaanza kutafutana polepole huku mvua ikipiga mabati. Kama Levina angekuwamo, Getruda angekuwa amemfedhehesha mkuu wake bure.

Jukwaa la kwanza lilifunguka upesi, kama kawaida yake. Akatafuta. *Hakuna mgonjwa mwenye jina hilo.*

Dakta alimsogeza kando, akatafuta kwa mkono wake mwenyewe, herufi moja moja.

"Mama yangu hayumo," alisema.

"Hayumo, Dakta. Lilimshika kichwani mwake tu, halikumfikisha kwenye hifadhi."

"Na hilo la pili?"

"Humo pia hayumo. Lakini halikusema yumo. Muuguzi angejua kwamba bado, akaandika kwenye karatasi. Hili la kwanza lingemwambia aende zake."

Dakta alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Chukua la pili," alisema hatimaye. "Na umwandike tena."

Getruda akaandika. Jukwaa likajikokota. Mbali, huko Kwihara, radi ikanguruma tena; Sista Apolinaria akaficha mikono yake chini ya aproni, akaibana. Dakta Sylvester alikuwa ameinama mbele ya kioo, hacheki, akingoja.

*Imehifadhiwa.*