Kuku Aliyefumba Jicho Moja

Mteja yule alipoingia mara ya tatu bila kununua hata kifungo, Mama Mikoba alisimamisha cherehani. Machale yalikuwa yamemcheza tangu siku ya kwanza. Mtu mwenye nia njema hageuzi mkoba nje ndani, wala hapapasi picha kwa kidole gumba kama anayekagua noti bandia.

"Picha hii kachora nani, dada?" ndivyo alivyouliza siku ile, miwani imemshuka hadi ncha ya pua.

"Mimi mwenyewe," alijibu Mama Mikoba bila kupepesa. Amtajie alikoipata, ili kesho naye afungue duka la mikoba ng'ambo ya barabara? Thubutu.

Siku ya pili akaja na jingine. "Mbona kuku wako amefumba jicho moja?"

"Anakonyeza. Nilimchora hivyo makusudi."

Mteja alitabasamu kidogo, akaondoka.

Ukweli ni kwamba picha hiyo, kuku aliyeatamia ndani ya kofia, ilinunuliwa mtandaoni na wifi yake, kwa simu, baada ya yeye kumwomba. Wifi akamwonya asome masharti kabla ya kuuza chochote. Mama Mikoba aliona ni kijicho tu. Ukinunua sufuria, nani anakuuliza utampikia nani? Akampelekea fundi wa kuchapa nguo, naye akamtolea vitambaa vya picha vya kushonea mbele ya mikoba. Ile michache ya kwanza iliondoka siku hiyo hiyo, na duka la vitabu likaagiza arobaini. Wangeichukua Ijumaa. Kwa ajili ya hiyo arobaini aliacha kazi ya kupunguza suruali za watu, na moyoni aliapa hairudii.

Risiti aliichapisha, akaitia fremu ya kioo, akaitundika juu ya cherehani asije mtu akamwita mwizi. Iliandikwa kwa lugha ya kigeni. Alitambua jina lake, alilojaza wifi, na neno la kwamba imelipwa, akatosheka.

Na sasa mwenye miwani alikuwa anatoa simu apige picha mkoba. Wifi ndiye kamtuma, Mama Mikoba aliwaza, na damu ikamchemka.

"Usipige picha, dada. Kamwambie aliyekutuma kwamba nimenunua kihalali. Risiti ile pale ukutani."

"Si ulisema umechora mwenyewe?"

Mteja alisogea kwenye fremu, akasoma taratibu tangu juu hadi chini, kisha akamfasiria mstari wa mwisho, ule wa herufi ndogo.

"Kwa matumizi binafsi tu. Atakayetaka kuuza bidhaa yenye picha hii aombe kibali cha biashara kwa mchoraji." Akavua miwani. "Kuku huyu alikuwa wa bibi yangu. Hakonyezi. Alikuwa chongo."

Aibu ilimshika Mama Mikoba hadi masikioni. "Nisamehe, dada yangu. Niandikie hicho kibali. Ijumaa wanakuja kuchukua mzigo."

Mchoraji alifungua pochi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza ya cherehani. Sahihi yake ilikuwa tayari chini, na tarehe ya siku ile ya kwanza. Palibaki wazi pa jina la mshonaji tu.

"Niliona mkoba wako kwa rafiki yangu, nikaupenda," alisema. "Nilikuja na karatasi hii nikupe. Nikauliza nani kachora, na ungeniambia umenunua mahali, yangeishia hapo." Akaikunja tena. "Umeniambia mara mbili, uso kwa uso, kwamba kuku wangu ni wako."

Akairudisha pochini, akaaga kwa adabu, akatoka.

Mama Mikoba alimpigia wifi, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumpigia. Wifi alifika, akaitazama mikoba arobaini iliyopangwa ukutani, akatazama risiti. Mama Mikoba alijikaza kungoja kuchekwa. Wifi akavuta kigoda, akachukua wembe kwenye kopo la sindano.

"Nipe wa kwanza," alisema.

Walifumua hadi jioni. Kila picha ilipobanduka, iliacha kwenye mkoba mraba wa matundu madogo ya sindano, na pasi haikuyafuta.