Shemeji na Kadi za Maegesho

Barua ya halmashauri ilipenyezwa chini ya milango siku ya Jumatatu, na kufikia jioni mtaa mzima haukuwa na habari nyingine. Kwa miaka yote watu walikuwa wakiegesha magari yao mbele ya nyumba zao bila kulipa chochote, kila mmoja akikiona kile kipande chake cha lami kama sebule ya nje. Sasa barua ilisema kwamba kuanzia mwanzo wa mwezi, siku zote saba za wiki, gari lililosimama mtaani litalipiwa kwa saa. Kila nyumba itapata kibali cha gari moja, na kadi kumi na mbili za wageni kwa mwaka mzima. Kadi moja, mgeni mmoja, siku moja. Mgeni wa kumi na tatu ajitegemee.

Mkutano uliitishwa katika saluni ya msusi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na viti vingi. Wengine walikaa chini ya zile kofia za kukaushia nywele, na ikawa kila mtu akitaka kuinuka kuzungumza anagonga kichwa kwanza. Bwana mmoja mwenye magari matatu alisema anawaonea huruma wanyonge. Bibi wa nyumba ya mwisho, ambaye hajawahi kuwa na gari wala baiskeli, ndiye aliyekasirika kuliko wote.

Kati yao alikuwepo Fundi, mshona nguo wa nyumba namba tisa. Alikuwa mtu mkimya, lakini siku hiyo alisimama akasema kwamba waliopanga mpango huu wamepima barabara na wakasahau kupima watu. Hata yeye hakujua maneno hayo yametokea wapi. Watu wakapiga makofi, na kabla makofi hayajaisha Fundi akawa mwenyekiti wa kamati ya kupinga ada. Msusi akawa katibu, kwa kuwa alikuwa na kompyuta na habari zote za mtaa.

Wiki iliyofuata tarishi wa halmashauri alileta bahasha za vibali na kadi. Mke wa Fundi alikuwa kazini posta, anakofanya ukarani, kwa hiyo Fundi akazipokea na kusaini mwenyewe. Kibali alikibandika kwenye kigari chake, na zile kadi za wageni akazipanga juu ya meza ya kukatia vitambaa, akazihesabu. Kumi na mbili. Kisha akahesabu kichwani Jumapili zilizomo katika mwaka, akaketi kitako na kutabasamu peke yake kama mtu aliyeokota pesa.

Sababu ya tabasamu hilo ilikuwa shemeji yake.

Shemeji huyu, kaka mkubwa wa mkewe, alikuwa muuza matangi ya maji. Alikuwa na pikapu kubwa jeupe, sauti kubwa zaidi, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kukosa Jumapili hata moja. Alifika saa nne asubuhi na kuondoka jua linapozama. Alikalia kiti cha Fundi kilichokuwa dirishani, akaishika nguo yoyote iliyokuwa mashineni, akaigeuza ndani nje, kisha akauliza kama mwenye nguo hiyo ana bega moja au mawili. Halafu ikafuata hadithi ya koti. Koti lenyewe Fundi alimshonea avae siku ya harusi ya dada yake, akiwa bado mwanafunzi wa kazi, na mkono mmoja ukatoka mrefu kuliko mwenzake kwa upana wa vidole viwili. Hadithi hiyo ilisimuliwa kila Jumapili kana kwamba imetokea jana, na kila mwaka mkono wa koti ulizidi kurefuka. Kwa sasa ulikuwa umefika magotini.

Shemeji alikuwa na sifa nyingine moja: mkono wa birika. Mtu aliyekuwa akizima injini kwenye kila mteremko asingekubali kulipia gari likiwa limesimama. Fundi alilijua hilo vizuri. Akafungua droo ya bobini za uzi na vifungo, akazisukuma kadi zote kumi na mbili hadi nyuma kabisa, akafunga.

Mkewe aliporudi akauliza kadi za wageni ziko wapi, maana majirani wameshapata zao. Fundi akasema hajaziona, labda zitakuja baadaye, halmashauri unawajua. Akarudi kwenye mashine na kuikanyaga kwa kasi kuliko kawaida.

Jumapili ya kwanza ya ada, shemeji alikuja kama kawaida. Aliposikia kuwa hakuna kadi, alikula akiwa ameweka sahani magotini, uso umeelekea dirishani kulichunga pikapu. Hadithi ya koti aliianza mara tatu na kuikatiza mara tatu. Mkaguzi wa maegesho, mama mmoja mwembamba mwenye koti la kung'aa, alimsubiri hadi aliposahau na kuanza kusimulia kwa mikono miwili, ndipo akabandika karatasi ya faini kwenye kioo. Shemeji alitoka, akaisoma, akaikunja taratibu kama anayekunja sanda. Jioni alimpigia dada yake simu na kumwambia kwamba anampenda sana, ila kuanzia sasa atampenda kwa simu.

Jumapili iliyofuata Fundi alilala hadi saa tano. Alikalia kiti chake mwenyewe, akanywa chai ikiwa bado moto, akasikiliza kimya cha nyumba yake kwa raha zote. Jumapili ya pili bila shemeji alirekebisha kitasa cha mlango. Ya tatu akarekebisha kitasa hichohicho. Mkewe alimenya viazi akiwa amempa mgongo, na alipozungumza na kaka yake kwa simu alitoka nje.

Jumapili ya tano Fundi alimaliza koti la mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Kola yake ilikaa shingoni kama imeota pale. Alimwita mkewe aje kuona. Mkewe akasema ni zuri, akarudi jikoni. Fundi akabaki amelishika koti lile. Neno "zuri" halikumtosha, na kwa muda hakuelewa ni kwa nini. Kisha akaelewa, na hakufurahi kuelewa: kwa miaka kumi na tisa alikuwa akishona huku sikio moja likingoja kejeli. Mishono ilinyooka kwa sababu kulikuwa na mtu atakayeigeuza ndani nje.

Alifikiria kuzitoa zile kadi. Lakini kila kadi ilikuwa na mhuri wa tarehe, na mkewe, karani wa posta, asingekosa kuusoma. Uongo ukishaushona, kuufumua kunachana kitambaa. Akaiacha droo imefungwa, akajitupa katika kazi ya kamati.

Huko mambo yalikuwa yamechangamka. Watu walikuwa wameanza kupima undugu kwa kadi. Binamu alihesabiwa nusu kadi, kwa hiyo ilibidi waje wawili katika gari moja. Mama mmoja alimpa mkwe wake kadi ya siku ya harusi, akampokonya kesho yake. Yule bwana wa magari matatu aling'oa maua ya mkewe ili apate pa kuegesha ndani ya uzio, na sasa alikuwa analala sebuleni. Hatimaye halmashauri ilikubali kumtuma ofisa wake aje kuwasikiliza, na Fundi akaandika barua ya malalamiko kwa mwandiko wake mzuri, akampa msusi aipige chapa.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa shule. Ofisa alikuwa kijana mwenye miwani, aliyeonekana kama ameshasikiliza mitaa mingine minne wiki hiyo. Fundi alisimama mbele na karatasi zake, akasoma ukurasa wa kwanza bila shida, maana ulikuwa wake. Aligeuza. Ukurasa wa pili ulikuwa na aya asiyoijua.

Akaanza kuisoma, kwa kuwa ukumbi mzima ulikuwa unamtazama. "Mimi mwenyewe mwenyekiti," alisoma, "sijamwona shemeji yangu kwa majuma saba. Tulikuwa tukikutana kila Jumapili. Sasa nyumba yangu imepoa kama jiko la jana. Narekebisha kitasa ambacho hakijaharibika."

Hapo sauti ilimkatika. Aliinua macho, akamwona msusi anatazama dari, na mkewe, safu ya pili, anamtazama yeye bila kupepesa. Akajipangusa macho kwa mkono wa shati. Aya ilikuwa imebakiza mistari miwili tu, iliyosema kwamba ada inaweza kulipwa siku sita, lakini siku ya saba ni ya ndugu. Aliisoma kwa sauti ndogo. Bibi wa nyumba ya mwisho alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Ofisa alivua miwani, akaifuta, akaandika kitu.

Fundi na mkewe walirudi nyumbani kwa miguu.

"Umesoma vizuri," mkewe akasema njiani.

"Nani aliandika ile aya?"

"Mtu mmoja aliyekuwa anatafuta kifungo cheusi kwenye droo yako."

Fundi alitamani mkewe agombe, amalize. Mkewe hakugomba. Alimshika mkono ili wavuke barabara, kama anavyoshikwa mtoto, na walipofika upande wa pili hakuuachia.

"Kaka nilimwambia halmashauri ndio waliochelewesha," alisema. "Sikutaka ajue. Ila jioni hii nitampigia nimwambie umelia mbele za watu kwa ajili yake."

"Sikulia."

"Watu themanini wamekuona, Fundi."

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Ada itabaki, vibali vitabaki, lakini Jumapili maegesho yatakuwa bure kwa watu wote. Watu walimbeba Fundi juujuu kutoka saluni hadi nyumbani kwake, umbali wa nyumba sita, na kumgonga kichwa kwenye taa ya mlangoni.

Jumapili ya kwanza ya bure, pikapu jeupe lilisimama mbele ya namba tisa. Shemeji aliteremka na tangi dogo la maji lililobonyea ubavuni, lile lililokosa mnunuzi dukani kwake kwa miaka mitatu, akamkabidhi Fundi kwa mikono miwili. Alimwambia kwamba katika miaka yote hii alidhani anavumiliwa tu. Hakujua kwamba anapendwa. Fundi alitazama tangi, akatazama pale lilipobonyea, akatamani lami ipasuke immeze. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, na mdomo wake ulikuwa unapigana na kicheko.

"Karibu ndani, shemeji," Fundi alisema. "Kuna koti mashineni. Sijui kama mabega yamekaa sawa."

Shemeji hakuhitaji kukaribishwa mara mbili. Alikaa dirishani, akaligeuza koti ndani nje, akatafuta kosa kwa muda mrefu sana, na alipolikosa akasema basi mwenye koti atakuwa ndiye aliyepinda. Fundi alicheka hadi sindano ikamchoma.

Ingekuwa vizuri kama mambo yangeishia hapo, lakini habari ya mtaa wa bure ilisafiri. Baada ya mwezi mmoja, kila aliyekwenda kumtazama mgonjwa katika hospitali ya barabara kuu, kila aliyekwenda uwanjani kutazama mpira, aliacha gari lake pale siku ya Jumapili. Wenyeji wakitoka asubuhi kununua mkate walirudi wakakuta sebule zao za nje zimekaliwa. Bwana wa magari matatu alimsimamisha Fundi na kumwambia kwamba uongozi ni kazi ya watu wanaoona mbali. Bibi wa nyumba ya mwisho aliitisha mkutano mwingine, akitaka ada irudishwe, tena ikiwezekana iongezwe. Mwenyekiti mwenyewe aliwahi kuegesha kigari chake mtaa wa tatu kutoka kwake, akatembea hadi nyumbani amebeba marobota mawili ya kitambaa kichwani, akisalimiwa kwa heshima ya kubana midomo.

Shemeji naye alikuja Jumapili moja saa nne, akazunguka mara saba bila kupata nafasi, akarudi kwake. Kutoka dirishani Fundi alimwona akipita na kupita, mkono umeinuliwa, pikapu likitambaa kama mtu anayetafuta pete iliyodondoka. Alipopotea kabisa, Fundi akaudhika na mtaa mzima.

Jumatatu shemeji alipiga simu na kusema asihangaike, ameshapata dawa. Na ni kweli aliipata. Jumapili iliyofuata mlango uligongwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mgonjwa yeyote hajatembelewa na kabla mpira wowote haujachezwa. Fundi alifungua akiwa amevaa msuli na fulana iliyotoboka, nywele zimelala upande mmoja. Nyuma ya shemeji mtaa ulikuwa mtupu, na pikapu lilikuwa limechukua nafasi nzuri kuliko zote.

Shemeji alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaishika ile fulana kwa vidole viwili kwenye tundu la bega.

"Hii umeshona wewe?" akauliza.

Fundi alisogea pembeni ampishe, akaenda jikoni kuweka maji ya chai.