Ukoo wa "Gently"

Immaculée alikuwa nyuma ya pazia, kitenge mdomoni, kicheko kimembana. Jamani, Évariste amekuja kuposa peke yake! Hakuleta mzee, hakuleta hata rafiki wa kumsemea. Tangu lini mtu akajiposea mwenyewe hapa Kalemie?

Lakini angemleta nani? Mapadri walimwokota bandarini wakati wa vita vya sitini na nne, mtoto wa kutambaa, wakamlea, wakamjaza Kilatini. Sasa alifundisha Kiingereza, na leo alikaa amekumbatia kreti ya bia, suruali ikiishia juu ya vifundo.

"Mwalimu," alianza Mjomba Adalbert, ambaye bila neno lake mpwa haolewi. "Ukoo yako njo gani? Tusije tukaozesha kaka na dada."

Kicheko kikamkauka Immaculée. Bila ukoo, ndoa hakuna. Na alimpenda mno huyu mtu.

Évariste akajifuta jasho, akaanza kufundisha. Ndiyo, kufundisha, mbele ya wakwe!

"Papa, Waingereza wana neno gently, maana yake kwa upole. Lilizaliwa Roma. Kule gens ni ukoo, gentilis ni muntu wa ukoo. Wafaransa wakasema gentil: kwanza muntu wa ukoo bora, halafu muntu mwema tu. Likavuka kwa Waingereza, wakalifungia mukia wao, ly. Ukoo ulipotelea njiani, Papa. Upole njo ulifika. Na mimi nilifika hivyo hivyo."

"Mama weee!" Mama Émérence, jirani aliyekuja kusaidia kupika, alitoka jikoni na mwiko, akicheka hadi machozi. "Tunamuuliza ukoo, anatupeleka Roma!"

Hata Mjomba mabega yalimtikisika. "Maskini! Tumupatie ukoo yetu?"

"Yetu hapana!" Immaculée alipiga kelele nyuma ya pazia. "Atakuwa kaka yangu!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Yeye akatamani ardhi immeze.

Mama Émérence peke yake hakucheka tena. Aliketi kando ya Évariste, mwiko magotini.

"Mimi si wa ukoo yenu," alisema. "Na sikuzaa, munajua. Kwetu ukoo unatoka kwa mama. Basi, huyu njo mutoto wangu."

Évariste aliweka kreti chini. Akalaza kichwa begani kwa yule mama, akalia.

Mama Émérence akampigapiga mgongoni, kisha akamgeukia Mjomba.

"Haya, Papa Adalbert. Mutoto wangu anataka kuoa. Tuongee."