Jina la Nyumbani Ulingoni

Hasira hasara, na Mugisho, dereva wa forklift, mashine ya kuinulia mizigo ghalani, huko Lewisville, alikuwa na hasira ya kutosha kuwagawia majirani wote. Mdogo wake Elia, dereva wa lori anayekaa Missouri City, karibu na Houston, hakuja kwenye matanga ya mama yao. Alituma maua, tena ya plastiki.

Basi Mugisho akawasha mchezo wake wa mieleka, ule wa Kijapani aliouzoea tangu Bukavu, toleo baada ya toleo. Utamu wake ni kwamba unajiundia mpiganaji, unampa sura na tabia, kisha ukitaka unaiachia kompyuta iwapiganishe wawili, wewe ukitazama tu. Alimuunda Elia: kipara, kitambi, bukta nyekundu. Mahali pa jina akaandika Birindwa, jina ambalo Elia alipewa na bibi yao, lisilotajwa nje ya nyumba.

Hapo ndipo alipokosea, na alijua. Baba yao Sadock alikuwa mwanamieleka wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, akipigana kwa jina la kubandika, na aliwaonya mara nyingi: anayepandisha jina lako la nyumbani ulingoni amekupandisha wewe mwenyewe.

Kompyuta ilimletea Birindwa jitu. Likamwinua, likamshindilia kichwa chini. Pambano likasimamishwa, Birindwa hainuki. Mugisho akacheka, akaenda kula.

Wiki hiyohiyo Elia aliteleza kwenye ngazi ya lori lake Houston, akaangukia shingo. Miguu ikafa ganzi. Madaktari wakapanga kumpasua Alhamisi.

"Papa Zoé, ile ni jeu tu, muchezo," mkewe Généreuse alimwambia alipomsimulia, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Mungu hashikaka manette."

Lakini Mugisho aliogopa. Alimpandisha Birindwa tena ili ashinde, akamletea vijana wembamba wasio na misuli, na kila mmoja akampiga. Akashika padi ya kuchezea, hiyo manette, amsaidie mwenyewe, bado akapigwa. Amfute? Mchezo ulimuuliza kama ana hakika, na kidole kikagoma. Unamfutaje ndugu yako anayesubiri kisu?

Alhamisi asubuhi, wakati Elia akiingizwa chumba cha upasuaji, Mugisho aliunda mpiganaji mmoja zaidi: mabega yake mwenyewe, kovu lake la shavuni, na jina ambalo bibi alimpa yeye. Hakumpa nguvu wala ujanja. Akachukua padi ya kumwongoza mtu huyo, akaiweka mezani, asiiguse tena. Birindwa, akiongozwa na kompyuta, akamwendea yule aliyesimama tu, akamwinua, akamshindilia kichwa chini. Pambano likasimamishwa, Mugisho wa ulingoni hainuki.

Mchana simu ikalia.

"Yaya, banasema operation ilienda muzuri," Elia alimwambia kaka yake kwa sauti ya usingizi. "Vidole vya miguu vinacheza. Unisamehe juu ya mama. Nilikuwa naogopa kumuona ndani ya sanduku."

"Nilishakusamehe," Mugisho alisema, na ilikuwa kweli. Furaha ilimjaa hadi machozi yakamtoka.

Kisha akavaa koti lake la kazi. Zamu ilikuwa karibu kuanza, katika ghala lile ambako mizigo hupangwa hadi darini. Mlangoni alimkumbatia Généreuse, asimwachie upesi.

"Unasafiri?" mkewe akauliza.

"Hapana. Naenda kazi," alisema, akainua kola mpaka ikafunika shingo.