Ekari ya Kaka Wenseslaus

Kihamba cha kaka yangu Wenseslaus, shamba la urithi wetu, kina sehemu mbili. Juu, penye nyumba na migomba, pametulia. Chini ni mteremko mkali unaoshuka hadi mtoni, na mgeni akiutazama hutafuta kitu cha kushika. Mteremko huo marehemu baba aliukata matuta tisa kwa jembe la mkono, na juu ya kila tuta akapanda majani ya guatemala yashike udongo.

Hakufanya hivyo kwa kupenda. Miaka hiyo mbolea na dawa ya mrututu ya kahawa vilikuja chama cha msingi cha ushirika kwa bei ya ruzuku, na bwana shamba alikuwa hamwandiki mtu asiye na makinga maji. Alikuja na kamba yake, akapima, na akikuta tuta limebomoka alifunga daftari akaenda zake. Baba alimtukana kwa Kichagga, kisha akachimba.

Baadaye ruzuku ikafutwa na bwana shamba akapunguzwa kazini. Mrututu ukawa wa kununua kwa wafanyabiashara Moshi mjini, na bei yake wengi hatukuiweza. Ugonjwa wa chulebuni ukaingia, buni za baba zikawa nyeusi mtini. Baba alipofariki, kaka aling'oa kahawa akapanda maharage, lakini matuta hakuyagusa. Guatemala ndiyo iliyokuwa chakula cha ng'ombe wake, na kwa maziwa ya ng'ombe huyo mtoto wake wa pekee, Gladness, alisoma uuguzi hadi akaajiriwa Moshi.

Ikapita miaka mingi ndipo serikali ikarudisha ruzuku, safari hii kwa vocha: mbegu ya mahindi, mbolea ya kupandia na ya kukuzia. Kijijini ikachaguliwa kamati. Mwenyekiti alikuwa mzee Ndelilio, na mimi, kwa sababu ya mwandiko wangu, nikawa katibu.

Siku ya kupanga majina nilimtaja kaka. Mzee Ndelilio akanitazama juu ya miwani.

"Wenseslaus ana mahindi wapi?"

"Ana mteremko, mzee. Atapanda."

"Ule? Ule ni majani matupu. Watu wa wilayani wakija kukagua wataona pori, na sisi tutaonekana tumeandika jamaa zetu. Tumekubaliana hapa: ekari moja ya mahindi, safi, inayoonekana."

Nilijua ule mteremko si pori. Nimebeba udongo wake kichwani nikiwa msichana wa miaka tisa. Lakini sikubisha. Nafasi zilikuwa zimebaki mbili tu, na nilitaka moja iwe ya kwetu.

Jioni ileile nilikwenda kwa kaka. Nilimkuta bandani anamkatia ng'ombe migomba, na mkewe, wifi yangu Theopista, akikamua.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja na sura ya mkutano."

Nikawaeleza. Nikasema matuta manne ya katikati yakisawazishwa na majani yakatoka, inapatikana ekari nzuri. Nikasema mbolea ile ni ya karibu bure, na akikosa mwaka huu hataandikwa tena.

Theopista hakuacha kukamua. "Na ng'ombe atakula nini, wifi? Atakula vocha?"

"Atakula mabua ya mahindi."

"Mabua ni ya Agosti. Sasa hivi ni Januari."

"Theopista, nawatafutia neema."

"Baba mkwe alichimba yale matuta mpaka mgongo ukapinda," alisema. "Usimwandike huyu. Tuache tulivyo."

Kaka aliendelea kukata migomba. Ni mtu mpole, na upole wake una kasoro moja: hukubaliana na aliyezungumza mwisho. Nilihakikisha ni mimi. Nilimngoja nje ya banda, nikamwambia peke yake, "Kaka, usikose kwa ajili ya majani. Ng'oa."

Aling'oa. Ilimchukua majuma matatu, maana mizizi ya guatemala ya miaka zaidi ya thelathini haitoki kwa kubembelezwa. Alisawazisha matuta manne, udongo ukabaki mwekundu, laini, unapendeza macho. Bwana mmoja wa wilayani alikuja kwa pikipiki, akasimama barabarani bila kuzima injini, akatazama mteremko, akasema, "Hii sawa." Nikatia alama ya vema mbele ya jina la kaka.

Masika yakaanza na vocha hazijafika. Kila Jumatatu mzee Ndelilio alipiga simu, kila Jumatatu akajibiwa ziko njiani. Kaka akapanda mbegu yake ya zamani aliyoitunza darini juu ya jiko, bila mbolea. Mahindi yalipofika magotini, Theopista alikuwa tayari ameanza kushuka mtoni kutafuta majani ya ng'ombe, kwa sababu matuta matano yaliyobaki hayakutosha.

Mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano, Alhamisi, ilipumua kidogo mchana, na Theopista akachukua kamba na mundu akashuka. Mimi nilikuwa kwangu nikianua maharage niliyokuwa nimeyaanika kwenye baraza. Nikasikia sauti kama ya lori linalomwaga mawe. Haikudumu. Kilichofuata ni kimya, halafu kaka akiita jina la mkewe.

Nilipofika, katikati ya mteremko hapakuwa na kitu. Pale palipokuwa na matuta manne palikuwa na jeraha jekundu toka juu hadi chini, na maji yanatiririka ndani yake kana kwamba yamekuwa yakipita hapo siku zote. Mahindi, udongo, mawe ya baba, vyote vilikuwa chini mtoni, vimelundikana. Kaka alikuwa juu ya lundo hilo anachimba kwa mikono.

Majirani walikuja na majembe na sepetu. Tulimpata kabla jua halijazama. Kamba alikuwa ameishika bado, na mzigo wake wa majani ulikuwa umefungwa tayari. Alikuwa amemaliza. Alikuwa anarudi nyumbani.

Tulimzika Jumatatu, pembeni ya migomba. Watu walipoanza kutawanyika, Gladness alitoka chumbani akasimama mbele yetu wawili, mimi na baba yake. Macho yake yalikuwa makavu.

"Nilikuwa hapa Krismasi," alisema. "Guatemala ilikuwepo. Mama hakuwa anashuka mtoni. Nani aliyesema ing'olewe?"

Nilifungua mdomo. Mungu ananiona, nilifungua.

"Mimi," alisema kaka. "Niliamua mwenyewe. Nilitaka mbolea."

"Mama alikubali?"

"Mama yako alikataa. Nikamlazimisha."

Gladness akaingia ndani, akachukua mkoba wake, akaondoka bila kumuaga. Mimi alinikumbatia.

Usiku wa kuamkia siku ya kuanua matanga nilimuuliza kaka kwa nini. Alikuwa anachochea moto. "Mimi ni mwanamume wa hapa," alisema. "Jembe nililishika mimi. Na mtoto anahitaji kubaki na mama mmoja wa kumkimbilia." Nikalia. Hakuninyamazisha, wala hakuniambia nikaseme kweli.

Vocha zilifika mwishoni mwa Mei. Kaka alikuja ofisi ya kijiji kama wengine, akapanga foleni, akaweka sahihi mbele yangu. Kaka akachukua mifuko yake miwili ya mbolea kwa wakala wa pembejeo, akampa jirani mwenye shamba tambarare. Ng'ombe alikuwa ameshauzwa. Nilipoandika taarifa ya mwisho, nilimwomba mwenyekiti tuiondoe ekari ile. Akasema namba zilishapelekwa.

Nilijiuzulu ukatibu. Hakuna aliyeniuliza sababu.

Korongo linazidi kupanuka kila masika. Mwaka jana lilichukua tuta jingine, na kaka ameanza kupanda guatemala pembeni mwake, kipande kwa kipande, kwa miche aliyoomba kwa watu. Siku nyingine nakwenda kumsaidia.

Gladness amekuja Krismasi mbili tangu hapo, na mara zote amefikia kwangu. Baba yake humwona kanisani tu, kwenye viti vya upande wa pili. Nampikia mtori, namtandikia kitanda. Juzi aliniambia, "Shangazi, bila wewe nisingekuwa na kwetu." Nikamwongezea mtori kwenye bakuli.